Herufi Kwanza, Nembo Baadaye

Abiria aliyesafiri kwa reli ya chini ya ardhi mjini London mwanzoni mwa karne ya ishirini alikuwa na udhia mmoja ambao hakuna aliyeukusudia: treni iliposimama stesheni, yeye alichungulia dirishani kutafuta jina la mahali alipofika, na macho yake yakapokewa na matangazo ya sabuni, ya biskuti na ya michezo ya kuigiza, yaliyobandikwa ukuta mzima bila ya nidhamu, hata jina la stesheni, ambalo ndilo pekee alilolihitaji saa ile, likawa halionekani. Mwaka 1908 kampuni ya reli hiyo ikaweka nyuma ya jina duara kubwa jekundu, na jina lenyewe likaandikwa katika ukanda wa buluu uliolikatisha duara hilo katikati. Haikuwa kazi ya kuringia katika maonyesho ya sanaa. Ilikuwa ni dawa ya udhia. Hata hivyo katika dawa hiyo ndimo ilimozaliwa nembo ambayo leo hata mtu asiyepata kuikanyaga London huitambua, na mimi naitanguliza mbele ya msomaji kwa sababu vijana wetu wengi wanaotamani ufundi wa nembo huuanza kinyumenyume: hutunga pambo kwanza, kisha wakaitafuta haja ya kulivisha.

Aliyeutia udhia huo katika mizani ya fikra ni Frank Pick, mzaliwa wa Spalding mwaka 1878, mwanasheria kwa elimu na mtumishi wa reli kwa ajira, ambaye hakuwa mchoraji wala hakupata kudai kuwa mchoraji. Aliingia katika kampuni mwaka 1906, na miaka miwili baadaye akakabidhiwa shughuli za matangazo. Alianza kwa kupanga: matangazo ya wafanyabiashara yakapewa mahali pake na mipaka yake, na ramani na majina ya stesheni yakapewa pake pasipoingiliwa. Kisha akatambua kwamba herufi zilizotumika katika kampuni yake zilikuwa za kila namna, kwani kila mpiga chapa alitumia zile alizokuwa nazo kabatini. Akataka herufi ya namna moja, mali ya kampuni peke yake, ambayo msomaji akiiona kwa mbali asiidhanie kuwa ni ya muuza sabuni. Kwa wasta wa mpiga chapa Gerard Meynell, mwaka 1913 Pick akakutanishwa na Edward Johnston.

Kisa cha Johnston ndicho ningetamani kila mwanagenzi akijue kabla ya kununua tarakilishi. Alizaliwa Uruguay mwaka 1872 kwa wazazi wa Kiskoti, akasoma udaktari Edinburgh, na kwa kuwa siha yake haikuwa ya kutegemewa akauacha, akaenda London mwaka 1898 kutafuta njia katika sanaa hali hajui ni sanaa gani. Huko William Lethaby, mkuu wa chuo cha Central School of Arts and Crafts, alimwona kuwa anafaa kwa maandishi, na Sydney Cockerell akamwelekeza katika miswada ya kale iliyohifadhiwa British Museum. Johnston akaketi mbele ya miswada hiyo, na hasa mbele ya Zaburi moja iliyoandikwa Uingereza mwishoni mwa karne ya kumi, si kwa kuitazama tu na kuistaajabia, bali kwa kuiuliza maswali ya fundi: kalamu hii ilichongwa vipi, ilishikwa kwa pembe gani, mkono ulianzia wapi na ukaishia wapi. Maana zama hizo elimu hiyo ilikuwa imekwisha kufa katika Ulaya. Waliojidai kuandika kwa namna ya kale walichora mzingo wa herufi kwa kalamu nyembamba, kisha wakaujaza wino ndani. Johnston aligundua upya kwamba unene na wembamba wa herufi hauchorwi. Hutoka wenyewe katika kalamu ya ncha pana iliyoshikwa kwa pembe isiyobadilika. Mwaka 1899 alianza kuifundisha elimu hiyo hali yeye mwenyewe angali anajifunza, mwaka 1906 akatoa kitabu chake cha maandishi ambacho walimu wa ufundi huo wanakitumia hata leo, na miongoni mwa wanafunzi wake wakatoka Eric Gill, aliyekuja kuwa bingwa wa herufi, na Anna Simons, aliyeipeleka elimu hiyo Ujerumani.

Basi mtu wa kalamu ya tete na karatasi ya ngozi ndiye aliyeombwa kutengeneza herufi za treni za umeme, na mwaka 1916 akazikabidhi. Msomaji azitazame kwa makini. O ni duara kamili, lisilobanwa wala kuvutwa. Vipimo vya herufi kubwa, ipi iwe pana na ipi iwe nyembamba, vimefuata herufi za Kirumi zilizochongwa katika mawe, zile ambazo mfano wake mashuhuri ni maandishi ya nguzo ya Trajan mjini Roma. Lakini vijiguu vya Kirumi katika ncha za herufi vimeondolewa vyote, na mistari imefanywa ya unene mmoja. L ndogo imepindwa kidogo mguuni ili isichanganyike na I kubwa wala na tarakimu ya moja. Na nukta ya i na ya j si ya mviringo: ni mraba uliosimama kwa pembe yake.

Nukta hiyo ndiyo inayonishughulisha zaidi ya yote. Katika herufi zisizo na alama hata moja ya kalamu, hapo tu fundi aliiacha kalamu yake ionekane, kwani kalamu ya ncha pana iliyoshikwa kwa mshazari, ikigusa karatasi na kuvutwa kwa urefu ulio sawa na upana wa ncha yake, huacha umbo hilo na si jingine. Mtoto yeyote wa pwani aliyesoma chuoni kwa mwalimu akaandika katika ubao be, te na the analifahamu umbo hilo tangu utotoni mwake. Sisemi kwamba Johnston aliiga khati ya Kiarabu, maana walimu wake walikuwa miswada ya Kilatini. Nasema kwamba zana moja hufundisha somo moja popote inapokuwapo. Karne takriban kumi kabla yake, Ibn Muqla, waziri na mwandishi wa Baghdad aliyefariki mwaka 940, alikwisha kuifanya nukta hiyo kuwa kipimo cha khati nzima, hata alifu ikahesabiwa kwa nukta na herufi nyingine zikapimwa kwa alifu. Na huku kwetu, katika mji wa Siyu kisiwani Pate, waandishi walinakili misahafu kwa mkono na kuipamba kwa wino mweusi na mwekundu, kazi ambayo mwanagenzi wa nembo wa Mombasa au wa Unguja anaweza kuisoma kama Johnston alivyoisoma Zaburi yake, ikiwa tu ataketi mbele yake na kalamu mkononi badala ya kupita akiipiga picha kwa simu.

Haya yote yaweza kumchosha kijana anayetaka kutengeneza nembo ya mgahawa wa shangazi yake kabla ya mwisho wa juma. Lakini nembo nyingi mno duniani, ukizichambua, ni jina lililoandikwa vizuri na si zaidi. Na asiyejua herufi hana njia ila kuchukua fonti iliyo tayari na kuitundikia kikombe kinachofuka moshi.

Tuchukue neno moja ambalo mtu hawezi kupita mtaa wowote wa Tanzania asilione: WAKALA. Mwanagenzi akiziandika herufi hizo sita kwa ukubwa na kuzipa masafa yaliyo sawa kwa rula, atashangaa kwamba jicho halikubali usawa huo. W na A mbavu zao zimeinama upande mmoja, kwa hiyo zaweza kusogezwa karibu sana na zisionekane kubanana. A na K hukaribiana chini zikaachana juu. K ina mdomo uliofunguka kulia, lakini mguu wake na mguu wa A inayofuata hukutana chini, zikaachana juu. Lakini balaa iko mwisho wa neno: L haina kitu juu ya mguu wake, A nayo haina kitu begani, na baina yao pamebaki uwanja mweupe wa kutosha herufi nyingine, hata anayesoma kutoka ng'ambo ya barabara huona WAKAL, kisha A iliyoachwa peke yake. Tiba yake ni kuufupisha mguu wa L, kuisogeza A mpaka ikaribie kugusa, kisha, na hapa ndipo wengi wanapokosa subira, kurudi nyuma na kuzitanua zile herufi nyingine zilizokuwa zimetulia, ili zipatane na ufa ule ambao hauwezi kuzibwa kabisa. Kinachopimwa si masafa baina ya herufi na herufi. Kinachopimwa ni weupe uliobaki, na kipimo chake ni jicho.

Nimelichagua neno hilo kwa sababu nyingine pia. Maneno yetu aghalabu huishia kwa irabu, na A imejaa katika lugha nzima, ikifuatana na K na W kila mahali. Andika KAHAWA kwa herufi kubwa utaona. Fonti nyingi tunazozitumia zimetengenezwa na kujaribiwa kwa maneno ya lugha nyingine, zenye konsonanti zinazopangana wima kwa wima, na masafa yake yamepimwa kwa mazoea hayo. Kwa hiyo msanifu wa Kiswahili anayo kazi ambayo mwenzake wa Ulaya huipata mara chache, na asiyeizoea ataiacha kwa programu, nayo programu itamtendea kwa kadiri ilivyofunzwa.

Kuna hila nyingine za jicho ambazo nitazipitia kwa haraka, maana hujifunzwa kwa mkono kuliko kwa maneno. O yenye kimo sawa kabisa na H huonekana fupi, kwa hiyo huzidishwa kidogo juu na chini ya mstari. Ncha ya A vilevile hupandishwa. Mstari uliolala, ukiwa na unene sawa na uliosimama, huonekana mnene zaidi, basi hupunguzwa. Aliyefundishwa kuamini rula huona haya ni udanganyifu, na ni udanganyifu kweli, ila ndio unaozalisha uaminifu machoni mwa mtazamaji.

Baada ya herufi huja majaribio, na majaribio yetu ni makali kuliko ya London. Nembo inayong'ara katika kioo cha tarakilishi, yenye kivuli na mng'ao na rangi tatu zinazoyeyukiana, inakwenda kufanywa muhuri wa mpira, kwani hapa petu biashara isiyo na muhuri ni nusu biashara. Itatiwa wino mwingi mno na karani mwenye haraka, na kila uwazi mdogo utajaa. Itachapwa katika risiti ya mashine isiyo na rangi ila nyeusi iliyofifia. Itatarizwa katika sweta ya shule, ambako uzi hauwezi kupinda pembe ndogo. Na zaidi ya yote itamfikia fundi wa mabango, atakayeipaka kwa brashi katika ukuta wa chokaa au katika bati la migongo: atapiga mistari kwa uzi uliopakwa chaki, atapima herufi kwa shubiri, na umbo lolote ambalo halikumbukiki kwa kulitazama mara moja atalibadili bila ya kuuliza, wala hana lawama. Mwanagenzi na aanze kwa rangi nyeusi peke yake, kwa ukubwa wa ukucha wa kidole gumba. Rangi zitakuja zikialikwa. Waliounda shirika la kuhifadhi wanyama la WWF mwaka 1961 walimchagua panda, pamoja na uzuri wake na upungufu wake duniani, kwa sababu ni mnyama wa weusi na weupe, na gharama za kuchapa zingekuwa ndogo. Sir Peter Scott aliyeikamilisha picha hiyo alikuwa mchoraji mahiri wa ndege, wala hakuona kwamba uchache wa wino unamshushia hadhi.

Sasa nembo imekwisha, na hapa ndipo mafunzo mengi yanapokoma ilhali nusu ya kazi bado. Duara la London lisingefika popote kama Pick asingekaa nalo. Yeye alihakikisha kwamba herufi za Johnston zinatumika katika mabango, katika majina ya stesheni na katika matangazo ya safari. Akawatafuta wachoraji wa mabango walio bora. Akamtwika Charles Holden usanifu wa stesheni mpya, kama ile ya Arnos Grove ya mwaka 1932, hata jengo lenyewe likasema kauli moja na kibao kilichomo. Na mwaka 1933 alipokuwa mtendaji mkuu wa bodi iliyounganisha usafiri wa mji mzima, ramani ya Harry Beck ikatolewa mwaka huohuo kwa roho ileile. Utambulisho wa shirika ni hulka yake inayorudiwa bila ya kuchoka, na anayeirudia si mchoraji, ni mlinzi. Johnston aliitengeneza herufi; Pick aliilinda; na herufi hiyo ingali hai, ikarekebishwa na Eiichi Kono mwaka 1979 na tena na Monotype mwaka 2016, safari hii ikaongezewa hata alama za mtandaoni ambazo Johnston hakuwa na sababu ya kuziota.

Kuta za miji yetu zina kisa cha namna nyingine. Kampuni ya simu iliyojulikana kwa jina la Celtel ikageuzwa Zain mwaka 2008, na mwaka 2010 ikageuzwa tena Airtel. Mwishoni mwa mwaka 2024 Tigo ya Tanzania nayo ikawa Yas. Kila mara vibanda vikapakwa upya, na miavuli na fulana zikabadilishwa. Siwalaumu wasanifu, maana mabadiliko kama hayo hutokana na wenye mali kuuziana na kutaka jina moja katika nchi nyingi, jambo ambalo penseli haina amri nalo. Lakini mwenye kutaka kuona ulinzi asiende mbali: achukue kanga ya nyumba ya Kaderdina Hajee Essak ya Mombasa, iliyoanza biashara mwaka 1887, aitazame ukingoni. Huko atakuta K.H.E. Mali ya Abdulla. Hakuna mnyama, hakuna duara, hakuna rangi maalumu, kwa kuwa rangi ni za kanga yenyewe na hubadilika kila toleo, na jina la kanga nalo hubadilika; maandishi ya ukingoni hukaa palepale. Ni vigumu kutaja nembo ya Afrika Mashariki iliyogharimu pambo dogo kuliko hilo ikaaminiwa zaidi yake.

Kuhusu malipo nitasema machache, kwani ni mlango wa magomvi. Mshitiri wetu huona nembo ni kialama tu, na msanifu huona ni umri wake wote. Mwaka 1971 Carolyn Davidson, mwanafunzi wa Portland, alilipwa dola 35 kwa ile alama ya Nike ambayo sasa hakuna asiyeijua, ijapokuwa mwaka 1983 kampuni ilimtunuku hisa. Mwaka 1986 Paul Rand, aliyekuwa amekwisha kuitengenezea IBM nembo yake, alilipwa na Steve Jobs dola 100,000 kwa nembo ya kampuni ya NeXT, na alipoombwa alete michoro kadhaa ichaguliwe mmoja, alikataa: alileta mmoja, pamoja na kijitabu cha kuueleza hatua kwa hatua. Simshauri mwanagenzi wa Kariakoo akaringe hivyo kwa mshitiri wake wa kwanza. Lakini kijitabu kile kinafaa kuigwa hata na asiye na jina, maana mtu aliyeelezwa kwa nini A imesogezwa karibu na L hatasema tena kwamba mpwa wake angeweza kuifanya kwa simu.

Imebaki kuandikisha. Uingereza ilipofungua daftari la alama za biashara, ya kwanza kuandikwa, tarehe 1 Januari 1876, ilikuwa pembetatu nyekundu ya bia ya Bass. Kwa Tanzania Bara daftari liko kwa wakala wa usajili, BRELA, na Zanzibar ina sheria yake na daftari lake, jambo ambalo wengi hulifahamu baada ya kuiona alama yao imevuka bahari na kupata bwana mwingine. Kwa Kenya daftari liko katika taasisi ya KIPI. Upekuzi hufanywa kabla ya kupaka ukuta wowote, kwa kuwa ada ya upekuzi ni ndogo kuliko bei ya rangi. Na sheria ya Kenya inayo kanuni moja inayoendana vyema na yale yaliyotangulia: alama iliyoandikishwa bila ya kufungwa na rangi huhesabiwa kuwa imeandikishwa kwa rangi zote, kwa hiyo msanifu aliyeianza nembo yake kwa wino mweusi atakuwa amempunguzia kazi fundi wa muhuri, na mwanasheria pia.